Vitabu vya Mauaji Ulivyomsomesha Mke Wangu

Mpendwa mume mwenzangu,

Vitabu vyako vya upelelezi nimevimaliza vyote. Nimeanza na cha kwanza, nikashuka navyo kimoja kimoja hadi cha mwisho, na katika kila kimoja muuaji nilimjua kabla marehemu hajapoa. Yule Bwana Pellworth wako, mpelelezi wa Kiingereza mwenye mwavuli na mayai yake ya kuchemsha, ningekutana naye ningempa kazi ya kunishikia koti.

Basi, nimeongopa. Nimemaliza viwili tu, na hicho cha pili sikukisoma, nilisomewa. Muuaji sijampata hata mmoja. Ila nilitaka uanze kwa kuumia kidogo, kwa sababu mimi nimeumia kwa ajili yako muda mrefu na wewe hukuwa na habari.

Nakuandikia Kiswahili makusudi. Ulipokuwa hai ulizungumza na mke wangu mbele yangu kile Kiingereza cha haraka, cha vitabuni, na mimi nimekaa pembeni na darasa la saba langu na Kiingereza changu cha udereva, ambacho kinajua kushoto, kulia, simama, na leseni tafadhali. Mlikuwa mnacheka, na mimi nacheka nyuma yenu kidogo, kama mtu aliyechelewa kwenye wimbo. Sasa ni zamu yako kutoelewa. Tafuta mkalimani huko uliko. Watanzania hawakosekani.

Hilo jina la mume mwenza usidhani nimelitunga mimi. Lilitoka kanisani. Unajua pale kanisani kwetu, hapa Marekani, tumechanganyika, Wakenya, Wakongo, sisi wa Tanzania, na baada ya ibada kila mtu anapakua pilau na umbea kwa wakati mmoja. Mama mmoja wa Kikenya, nesi, akaniuliza mke wangu bado anafanya kazi kwa yule mzungu wa Takoma Park. Nikamwambia bado, anamtunza mzee, anampikia, anamwogesha, anampa dawa, na wakimaliza anamsomea vitabu.

"Anamsomea?" akasema. "Kila siku?"

"Kila siku."

"Na wewe nyumbani anakusomea?"

Nikajiongezea pilau.

"Baba Neema, hiyo maneno ya kusomeana chunga sana. Kuogesha ni kazi. Kusomeana ni ndoa. Wewe una mume mwenza na hujui."

Meza nzima ikacheka, na mimi nikacheka kuliko wote ili nisionekane. Lakini nilirudi nyumbani Bladensburg na lile neno limekaa kifuani kama mfupa wa samaki. Wewe mtu usiyeweza kufunga kifungo cha shati, unanipa usingizi mbaya.

Kwanza kulikuwa na hili la jina. Kwetu mwanamke ukishazaa naye, jina lake unaliweka juu ya kabati. Ni Mama Neema. Mimi tangu binti yetu azaliwe sijamwita mke wangu jina lake, na angekuwepo mtu wa kunisikia nikimwita, angedhani tumegombana. Wewe siku ya kwanza, mlango haujafungwa, ukamwita Esther. Na yeye akaitika. Akaitika kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu nilipokuwa namvizia njiani huko Muheza, akitoka kuchota maji na akijifanya hanioni.

Halafu kulikuwa na kungoja. Nilikuwa nikija kumchukua jioni naegesha gari chini ya ule mti wako, nazima injini. Dirisha lako la sebuleni lilikuwa wazi kukiwa na joto. Namsikia anasoma. Sielewi maneno yote, lakini mwendo nausikia, anashuka, anapanda, anasimama pale pa kutisha. Halafu wewe unasema kitu, na anacheka. Mimi ndiye dereva wa kumrudisha nyumbani amechoka, kicheko amekiacha kwako. Ndani ya gari naletewa miguu inayouma.

Nikimuuliza, "Leo mmesoma nini?" ananijibu, "Wameua mtu." Basi. Kana kwamba nimeuliza hali ya hewa.

Sasa nikukumbushe siku ya theluji, maana hiyo ndiyo siku nilipokujua. Hata mabasi yalikuwa yamesimama, nikaja mchana kumchukua mapema. Ngazi zako zilikuwa zimezama. Sikuambiwa na mtu, nikachukua koleo pale barazani nikakusafishia njia yote hadi barabarani, kwa sababu nilijua yeye ndiye atakayeteleza, si wewe usiyetoka. Nikaingia kwa mlango wa jikoni ili nivue viatu. Ndipo nikasikia sauti ya kusoma, na haikuwa ya mke wangu. Ilikuwa yako.

Ulikuwa unasoma polepole, na ile lenzi yako kubwa nadhani, unakwama, unakohoa, unarudia. Na Kiingereza kile nilikielewa chote. Ulikuwa unasoma habari za mtu mweusi, harufu yake, meno yake, namna anavyozungusha macho, na ulimwita kwa lile neno ambalo hata polisi wa hapa siku hizi wanalimeza. Unamsomea mke wangu. Amekaa mbele yako.

Niliingia sebuleni na viatu vyangu na koleo mkononi.

"Baba Neema," akasema mke wangu, hata hakusimama. "Weka hilo koleo chini, unalowesha zulia la watu."

"Anakutukana na mimi nipo mlangoni?"

"Hanitukani. Anasoma ya kwao."

Ulikuwa umekuwa mwekundu hadi masikioni. Ukaniambia kwa Kiingereza cha taratibu, ili nisikose hata neno, "Ananilazimisha."

Akaeleza, nusu kwangu nusu kwako. Kwamba vitabu hivi ni vya zamani, ulivipenda tangu ujana wako, ukamwomba akusomee kwa sababu macho yamekwisha. Kwamba kitabu cha kwanza hakikufika mbali kabla mwandishi hajaanza kutukana watu, weusi, Wayahudi, Wahindi, Waitaliano, vijakazi. Ukamwomba radhi, ukamwambia aziruke hizo kurasa. Akakataa. Akakataa pia kuzisoma.

"Nikamwambia hivi," akasema. "Mimi nasoma maiti, nasoma mvua, nasoma polisi na daktari. Likija la kutukana watu, kitabu kinahamia kwako. Ni ya kwenu, yasome mwenyewe, kwa sauti, mpaka nukta."

"Na anasoma?" nikauliza.

Wewe ndiye uliyejibu. "Kuna vitabu ambavyo nimesoma zaidi yake."

Na mkacheka. Wote wawili, kwa pamoja, mbele yangu, mimi nimesimama na theluji inayeyuka kwenye suruali.

Mwanamume mwingine angefurahi siku ile. Angesema, tazama mke wangu alivyo na kichwa, tazama mzungu alivyonyooshwa. Mimi nilirudi garini nimewaka. Nilikuwa nimeingia sebuleni tayari kukupiga kwa kumtukana, na ningekupiga kwa moyo mkunjufu, ningekaa jela na wimbo. Lakini kumbe mlikuwa na sheria. Sheria ya watu wawili, ambayo wa tatu akiingia anaonekana mjinga na koleo lake. Njia nzima hadi Bladensburg nilikuwa natafuta sheria moja ya namna hiyo baina yangu na Mama Neema. Tuna mtoto, tuna masufuria, tuna picha za harusi zilizopauka. Sheria sikuipata. Nilipata kwamba mimi hulala upande wa ukutani, na hilo ni kwa sababu ya kitanda kilivyokaa.

Baadaye ukafa. Sitakuongopea tena kwenye barua hii, niliposikia nilisikitika, halafu nikafikiri, sasa nitarudishiwa mke wangu. Nilifikiri vyote viwili kwa pumzi moja. Unaruhusiwa kunicheka.

Sikurudishiwa. Binti yako alimpa Mama Neema boksi la vitabu vyako vyote vya Pellworth, na juu kabisa kile cha mwisho, na kipande cha karatasi ya dawa kimechomekwa katikati mlipoishia. Boksi likakaa chini ya dirisha letu kama mgeni asiyeaga. Mke wangu akapata kazi nyingine College Park, kwa bibi mmoja anayetazama televisheni kutwa. Anarudi, anapika, anakula, ananiuliza kama nimekunywa dawa ya presha. Akipita kwenye boksi anaweka mkono juu yake kidogo, hivi, kama unavyogusa kichwa cha mtoto aliyelala. Hajui muuaji wa kitabu cha mwisho, na hataki kujua. Nami nakaa naye meza moja nikiogopa kwamba ataishi hivyo na mimi mpaka mwisho, kwa adabu, kama nesi.

Nikajikaza siku moja. Nikamwambia, "Nisomee hicho cha mwisho. Tukimalize."

Akanitazama kama nimeomba kuvaa nguo zako.

"Huwezi kuanzia huko. Hutawajua watu. Lazima uanze cha kwanza."

Nadhani alisema vile ili niache. Lakini mimi nimewahi kubishana na injini mbovu njia nzima kutoka Tanga hadi Dodoma. Nikatoa cha kwanza nikakaa nacho mezani, na kidole changu chini ya mstari, na miwani ya dukani. Nilikuwa nasoma anapokuwa kazini. Nilikuwa nasoma kama mtu anayepekua mifuko ya koti la mume mwenzake.

Na nikukubalie jambo, kinavuta. Jumba kubwa, mvua, tajiri amekufa maktabani, milango yote imefungwa kwa ndani. Nilisahau kupika wali. Halafu akaingia mtumishi. Tajiri alikuwa amerudi naye kutoka Afrika, hakuandikwa Afrika ipi. Jina hana. Anaitwa boi. Neno hilo nalijua, marehemu baba yangu aliitwa hivyo kwenye mashamba ya mkonge akiwa na mvi kichwani. Basi kila mtu mle jumbani anamshuku boi. Anaongea kama kasuku mgonjwa, anatetemeka, anaona majini. Nikavumilia, nikijua Pellworth ana akili, atamtetea.

Akamtetea kweli. Unakumbuka alivyomtetea? Alisema boi hawezi kuwa muuaji, kwa sababu mauaji haya yamepangwa kwa akili ndefu, na mtu wa namna ile hana akili ya kupanga. Wote wakaridhika. Yeye akaenda kula yai.

Mzee mwenzangu, nilishikwa na hasira ya ajabu. Hata kuua tumenyimwa. Nilisoma kurasa zote zilizobaki nikimwombea boi awe ndiye. Nilipiga hesabu, nikampangia mpango, nikampa ufunguo wa akiba na sababu nzuri ya kumuua yule tajiri, nikamsikia akiongea Kizigua safi peke yake jikoni. Sijawahi kumwombea mtu wa kwetu mabaya kwa upendo namna ile. Mwishoni kumbe ni dada wa kasisi. Nikakirusha kitabu kikagonga jokofu.

Binti yetu Neema alikuwa amepita kutuona. Akaniambia kwa Kiingereza chake kwamba kitabu cha kibaguzi hakina haja ya kuliliwa, pipa la karatasi liko chini.

Na sauti ikatoka mlangoni, mke wangu ndiyo kwanza anavua viatu.

"Hakuna kutupa. Umefika wapi?"

Unajua ni muda gani hajaniuliza swali lisilohusu presha?

"Nimemaliza," nikasema. "Boi hakuua."

"Na wewe ulimtaka aue?"

"Nilimtaka sana."

Akakaa bila kuvua koti. "Na mimi," akasema. "Nilibishana na mzee wiki nzima. Nilimwambia mwandishi amekosea muuaji."

Kwa hiyo ulikuwa unajua. Alikwambia wewe lile lile aliloniambia mimi, ila wewe ulikuwa wa kwanza. Nimechoka na wewe kuwa wa kwanza. Lakini tuliongea jioni ile mpaka chakula kikapoa, na nilipata kuujua uso wake upya, yuko mkali, anapiga meza. Nikamwambia cha pili anisomee yeye, mimi kidole kimeota sugu.

Akafikiri. "Na matusi atasoma nani? Mzungu wetu amekufa."

Mzungu wetu. Nililimeza hilo pia.

"Nitasoma mimi."

"Si ya kwako."

"Nitayasoma kwa niaba yake."

"Haya hayasomwi kwa niaba, Baba Neema."

Basi tukaanza hivyo hivyo. Jumapili tukitoka kanisani, tukishakula, anasoma. Nimwambie nani raha ile. Anabadilisha sauti, kumbe. Anamfanya inspekta aongee kama mchungaji wetu. Nikauliza swali, anajibu. Nikasema kitu cha kijinga, akacheka, na dirisha lilikuwa limefungwa, kicheko chote kikabaki ndani mwetu.

Halafu tukafika kwenye matusi. Safari hii ni mpishi wa meli. Mke wangu akaacha kusoma. Meza yetu ina viti vitatu. Akakigeuza kitabu, akakisukuma polepole hadi mbele ya kile kiti kitupu, akakunja mikono, akangoja. Hakuyaruka matusi. Alingoja kwa kadiri ya mwendo wako, pamoja na kukwama kwako na kukohoa kwako. Nilimtazama. Kuna mahali aliinua nyusi, nadhani ulikuwa unajaribu kumeza neno, na hakukuruhusu. Kuna mahali alitabasamu kidogo. Kisha akanyoosha mkono, akafunua ukurasa, akaendelea na mvua na polisi.

Mimi sikusikia kitu. Naapa, nilitega sikio kweli. Ulikuwa mezani kwangu, kwenye kiti nilichokinunua mimi na kukipandisha ngazi mimi, unamsomea mke wangu, na mimi mwenye nyumba sisikii.

Tumekimaliza hivyo, kila penye matusi kitabu kinakwenda kwako. Na hapo ndipo balaa lenyewe. Mwisho Pellworth amewakusanya watu wote, anaeleza, na anasema siri yote ilikuwa kwenye kile alichokuwa ameshika mpishi. Tukatazamana. Ameshika nini? Hatujui. Ilikuwa kwenye kurasa zako. Huyo mwandishi ni fundi na ni mshenzi, anajua hakuna anayemwangalia mpishi, kwa hiyo ushahidi anauficha hapo hapo, katikati ya matusi.

"Turudi tuangalie," nikasema.

Mama Neema akafunga kitabu, akaweka kiganja juu. "Mzee angetuambia," akasema, na akacheka mpaka akafuta macho, na macho yale hayakuwa ya kucheka peke yake. Mkono wake mwingine ulikuwa juu ya wangu. Sijui ulikuwa umeufuata mkono wangu au ulikuwa unatafuta mahali pa kushika. Sikuuliza. Niliuacha pale pale.

Sasa tuje kwenye deni. Zile ngazi zako nilizisafisha kila ilipoanguka theluji mpaka ulipokufa, na wewe ulidhani ni manispaa. Sikudai kitu na leo sidai kikubwa. Jumapili tunaanza cha tatu. Nimechungulia kurasa za mwanzo, kuna daktari wa Kihindi na kuna yaya wa kutoka Zanzibar, kazi yako ni nyingi. Kiti kipo. Njoo usome yako yote, hadi nukta, ila safari hii soma kwa sauti ambayo na mimi nitaisikia, ili nijue walishika nini mikononi, na ili akiinua nyusi niwe najua anainua kwa nini. Ukimaliza, msogezee kitabu. Halafu uondoke zako, ndugu yangu, usingoje chai.

Ni mimi,
mwenye mke